Je, Katiba ya Afrika Kusini iliwapunja Weusi? Jibu kwa mwalimu wa Uraia

Swali: Mimi ni mwalimu wa Uraia katika shule ya sekondari mkoani Tanga. Tulipokuwa tukisoma kuhusu mwisho wa ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, mwanafunzi wa kidato cha nne aliuliza jambo lililonishinda. Ikiwa Weusi ndio waliokuwa wengi na walishinda uchaguzi wa 1994, kwa nini walikubali Katiba inayowapa majaji 11 wasiochaguliwa na wananchi uwezo wa kufuta sheria za Bunge? Je, haki za binadamu hazikuwa pazia tu la kulinda mashamba na mali za Weupe? Naomba ufafanuzi.

Jibu: Mwalimu, mwanafunzi wako ameuliza swali ambalo Waafrika Kusini wenyewe wanabishana juu yake hadi leo, bungeni na mitaani. Swali lina sehemu mbili, na majibu yake hayafanani. Kuhusu majaji na Bunge, nasema bila kusita kwamba uamuzi ule ulikuwa sahihi, na kwamba chimbuko lake ni mateso ya Weusi kabla ya kuwa hofu ya Weupe. Kuhusu mali na ardhi, kijana ana hoja nzito, ila lawama kubwa ameielekeza kusiko. Wananchi wamepunjwa zaidi na yale ambayo serikali zilizofuata ziliacha kuyafanya kuliko na maneno yaliyoandikwa katika Katiba.

Tuanze na jambo ambalo mara nyingi hupitwa haraka darasani. Ubaguzi wa rangi haukuwa kazi ya magenge yaliyovunja sheria, bali ulikuwa sheria yenyewe, iliyojadiliwa bungeni mjini Cape Town, ikapigiwa kura na kutiwa saini. Sheria ya Ardhi ya 1913 iliwazuia Waafrika kununua ardhi nje ya maeneo waliyotengewa, ambayo yalikuwa takriban asilimia 7 ya nchi, na mwaka 1936 kiwango hicho kikapandishwa hadi kama asilimia 13 tu. Chama cha National kilipoingia madarakani mwaka 1948 kikajenga juu ya msingi huo. Mwaka 1950 kilipitisha sheria ya kumwandikisha kila mtu kwa rangi yake, na mwaka huohuo ikaja sheria ya kugawa maeneo ya makazi, ambayo kwayo mtaa wa District Six mjini Cape Town ulitangazwa kuwa wa Weupe mwaka 1966 na watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa kwa nguvu. Mwaka 1963 Bunge likawaruhusu polisi kumweka mtu kizuizini siku 90 bila kumfikisha mahakamani, na jaji hakuwa na mamlaka ya kuamuru aachiliwe. Katika mfumo huo uliorithiwa kutoka Uingereza, Bunge ndilo lililokuwa na kauli ya mwisho. Jaji aliweza kuuliza kama sheria imepitishwa kwa utaratibu unaotakiwa, lakini hakuweza kuuliza kama sheria hiyo inamdhulumu mtu.

Upo mfano mmoja ambao ningekuomba uwasimulie wanafunzi kwa kirefu, kwa sababu unaonyesha jinsi hata ile kinga ndogo iliyokuwepo ilivyobomolewa. Katiba ya Muungano ya 1910 ililinda haki ya kupiga kura ya watu wasio Weupe wa jimbo la Cape. Haki hiyo haikuweza kuondolewa ila kwa theluthi mbili ya wabunge na maseneta wakiketi pamoja. Waafrika walitolewa katika daftari la pamoja la wapiga kura mwaka 1936 kwa kufuata utaratibu huo. Mwaka 1951 serikali ya D. F. Malan ilitaka kuwatoa pia watu waliowekwa katika kundi la Machotara, lakini theluthi mbili haikuwa nayo, kwa hiyo ikapitisha sheria kwa wingi wa kawaida, na mwaka 1952 Mahakama ya Rufani ikaifuta. Bunge likajibu kwa kutunga sheria ya kujifanya lenyewe kuwa mahakama iliyo juu ya Mahakama ya Rufani, na sheria hiyo nayo ikafutwa. Ndipo mwaka 1955 serikali ikaongeza maseneta kutoka 48 hadi 89 ili chama chake kitawale Baraza la Seneti, ikaongeza pia idadi ya majaji wa rufani, na mwaka 1956 theluthi mbili ikapatikana. Suala liliporudi mahakamani kwa mara ya mwisho, ni jaji mmoja tu, Oliver Schreiner, aliyekataa kuubariki ujanja huo. Kila hatua ilikuwa na muhuri wa sheria, na mwisho wake watu waliokuwa na kura wakaipoteza.

Sasa mwulize mwanafunzi wako: mtu aliyeishi chini ya Bunge la namna hiyo kwa miaka 46, akipata nafasi ya kuandika Katiba mpya, atataka Bunge jipya liwe na uwezo uleule, kwa kuwa tu wabunge wamebadilika rangi? Wapigania uhuru wengi walijibu kwamba hapana, na hawakufundishwa jibu hilo na Weupe. Mwaka 1943 Chama cha ANC kilikuwa tayari kimetoa waraka wake wa madai ya Waafrika ukiwa na orodha ya haki, na tarehe 26 Juni 1955, katika mkutano wa Kliptown uliovamiwa na polisi siku hiyohiyo, ulipitishwa Mkataba wa Uhuru uliosema kwamba nchi ni mali ya wote wanaoishi ndani yake, Weusi na Weupe. Ni kweli kwamba Chama cha National kilianza kuonyesha hamu ya hati ya haki pale tu kilipoona madaraka yanaanza kuponyoka, na shaka ya mwanafunzi wako inatoka hapo. Lakini walichokitaka hasa ni haki za makundi, yaani kundi la Weupe liwe na kura ya turufu serikalini siku zote. Hilo hawakulipata. Katiba inamlinda mtu mmoja mmoja, na mtu huyo hahitaji kutaja rangi yake ili alindwe.

Mazungumzo yenyewe hayakuwa ya watu walioketi kwa utulivu wakichagua kilicho bora. Mkutano wa kwanza wa vyama vyote ulifunguliwa Desemba 1991 huko Kempton Park, karibu na Johannesburg. Mwezi Juni 1992 wakazi wa Boipatong, kitongoji cha Weusi kusini mwa Johannesburg, waliuawa usiku, na ANC ikasitisha mazungumzo. Tarehe 10 Aprili 1993 Chris Hani, kiongozi wa Chama cha Kikomunisti kilichoshirikiana na ANC, alipigwa risasi nje ya nyumba yake na nchi ikakaribia kuwaka moto, na Juni mwaka huohuo wanamgambo wa Weupe walivunja vioo vya jengo la mazungumzo kwa gari la deraya na kuingia ndani ya ukumbi. Jeshi, polisi, hazina na mahakama vyote vilikuwa bado mikononi mwa utawala wa zamani. Yeyote anayesema kwamba ANC kingeweza kupata kila kitu anasahau mizani hiyo. Gharama ya kufika kwenye kura ilikuwa serikali ya umoja wa kitaifa, ambamo chama chenye viti 80 kilistahili kutoa makamu wa rais, pamoja na dhamana kwa ajira na pensheni za watumishi wa zamani, msamaha kwa wahalifu wa kisiasa, na kifungu cha mali ambacho nitakirudia.

Katiba ya muda ya 1993 iliweka kanuni 34 ambazo Katiba ya kudumu haikuruhusiwa kuzivunja. Baada ya uchaguzi wa Aprili 1994, ambapo ANC kilipata karibu asilimia 63 ya kura na viti 252 kati ya 400, wabunge na maseneta 490 waliketi kama Bunge la Katiba chini ya uenyekiti wa Cyril Ramaphosa. Walipitisha rasimu yao tarehe 8 Mei 1996. Mahakama ya Katiba ikaipima kwa zile kanuni 34, na tarehe 6 Septemba ikakataa kuithibitisha, ikitaja mahali palipopungua. Bunge la Katiba likarekebisha, Mahakama ikaridhia mwezi Desemba, na tarehe 10 Desemba 1996 Nelson Mandela akaitia saini Sharpeville, mji ambao polisi waliwaua watu 69 mwaka 1960 walipokuwa wakipinga pasi, yaani vitambulisho ambavyo Waafrika walilazimishwa kubeba. Ikaanza kutumika tarehe 4 Februari 1997.

Majaji hao 11 wametumiaje uwezo wao? Hapa ndipo ningependa mwanafunzi atulie kidogo, maana kesi mbili za mwaka 1995 zinaeleza mengi. Mahakama ilizinduliwa Februari mwaka huo na Mandela mwenyewe, ambaye alikumbusha kwamba mara ya mwisho kusimama mahakamani alikuwa akisubiri kujua kama atahukumiwa kifo. Kesi ya kwanza kusikilizwa ilihusu adhabu hiyohiyo. Katika miaka ya 1980 zaidi ya watu 1,000 walinyongwa Pretoria, na wengi wao walikuwa Weusi. Tarehe 6 Juni 1995 majaji wote 11 waliamua kwamba adhabu ya kifo inakiuka haki za mtu, wakijua kabisa kwamba raia wengi waliitaka ibaki. Rais wa Mahakama, Arthur Chaskalson, alieleza kwamba kama maoni ya wengi yangetosha kuamua, kusingekuwa na haja ya kuwa na hati ya haki wala mahakama ya kuilinda, kwa kuwa wanaohitaji ulinzi huo zaidi ni wale ambao jamii imewatupa.

Kesi ya pili ilimgusa Mandela moja kwa moja. Bunge lilikuwa limempa Rais uwezo wa kurekebisha kwa tangazo lake mwenyewe sheria ya mpito ya serikali za mitaa, naye akautumia dhidi ya jimbo la Western Cape, lililokuwa likitawaliwa na Chama cha National. Jimbo likaenda mahakamani, na Mahakama ikaamua kwamba Bunge halina ruhusa ya kumkabidhi Rais kazi ya kutunga sheria kwa namna hiyo. Walioshinda walikuwa warithi wa chama kilichomfunga miaka 27. Mandela alitangaza hadharani kwamba anautii uamuzi huo, akaliita Bunge likarekebishe. Kwa maoni yangu, siku hiyo ndiyo Afrika Kusini ilipotengana kweli na utawala wa 1955. Mwaka 2016 Mahakama hiyohiyo ilimwambia Rais Jacob Zuma kwamba amekiuka Katiba kwa kupuuza ripoti ya Thuli Madonsela, Mlinzi wa Umma, yaani ofisa huru anayechunguza matumizi mabaya ya madaraka, kuhusu fedha za umma zilizotumika katika makazi yake ya Nkandla, na Zuma akalazimika kurudisha randi milioni 7.8. Raia waliokuwa wakilipa kodi hiyo wengi wao walikuwa Weusi, na bila majaji wasingepata pa kuishitakia Ikulu.

Kuna kesi nyingine inayotugusa sisi Watanzania. Baada ya ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam kulipuliwa tarehe 7 Agosti 1998 na kuua watu 11, Mzanzibari mmoja aliyetuhumiwa, Khalfan Khamis Mohamed, alikamatwa Cape Town mwaka 1999 na kukabidhiwa haraka kwa maofisa wa Marekani, ambako adhabu ya kifo ilikuwa ikimsubiri. Mei 2001 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba serikali ilivunja Katiba ilipomkabidhi bila kwanza kupata ahadi kwamba hatauawa, na ikaamuru hukumu yake ipelekwe kwenye mahakama ya New York iliyokuwa ikimsikiliza. Alipatikana na hatia akafungwa maisha. Najua kuna familia Dar es Salaam zilizopoteza wapendwa wao ambazo hazikufurahia uamuzi ule, na uchungu wao ninauheshimu. Lakini serikali inayoruhusiwa kuchagua nani anastahili haki za binadamu na nani hastahili ndiyo ileile iliyokuwepo kabla ya 1994.

Nije sasa kwenye mali. Kifungu cha 25 cha Katiba kinasema mtu hatanyang'anywa mali yake kiholela, na kwamba serikali ikitwaa mali lazima ilipe fidia. Wengi huishia hapo. Mkisome chote darasani. Fidia inayotajwa ni ile iliyo ya haki na uwiano kati ya maslahi ya umma na ya mwenye mali, na bei ya soko ni kigezo kimoja tu kati ya kadhaa, pamoja na jinsi mali ilivyopatikana tangu awali na fedha ambazo serikali iliweka ndani yake. Kifungu hichohicho kinasema maslahi ya umma yanajumuisha mageuzi ya ardhi, na kinawapa waliopokonywa ardhi baada ya tarehe 19 Juni 1913 kwa sheria za kibaguzi haki ya kurudishiwa au kufidiwa. Utaratibu wa mnunuzi anayetaka na muuzaji anayetaka, ambao kwa miaka mingi ulifanya mashamba yanunuliwe kwa bei ya wenye nayo, haumo katika Katiba. Ulikuwa sera ya serikali. Lengo la kugawa asilimia 30 ya ardhi ya kilimo katika miaka 5 halikufikiwa, likasogezwa hadi 2014, na bado halikufikiwa. Jopo lililoongozwa na rais wa zamani, Kgalema Motlanthe, liliripoti mwaka 2017 kwamba bajeti ya mageuzi ya ardhi ilikuwa chini ya asilimia 1 ya bajeti ya taifa, na kwamba kikwazo kikubwa kilikuwa rushwa, wenye nafasi kujinyakulia ardhi, na ukosefu wa nia ya kisiasa, kuliko wajibu wa kulipa fidia. Desemba 2021 jaribio la kubadili kifungu hicho lilipata kura 204 badala ya 267 zilizohitajika. Januari 2025 sheria mpya ya utwaaji ilisainiwa, nayo inaruhusu fidia iwe sifuri katika mazingira maalumu, na Katiba haikuguswa.

Hoja ya pazia inadhoofika zaidi ukiitazama ile sehemu ya Hati ya Haki inayohusu nyumba, afya, maji, chakula na elimu. Mwaka 1998, huko Wallacedene nje ya Cape Town, watu wapatao 900, zaidi ya nusu wakiwa watoto, walihama eneo lililojaa maji wakajenga vibanda kwenye kiwanja cha mtu. Walifukuzwa mwaka 1999 mvua za kipupwe zilipoanza, vibanda vikavunjwa na vitu vyao kuteketezwa, wakaishia kujisitiri kwa maturubai ya plastiki kwenye uwanja wa michezo. Mmoja wao, Irene Grootboom, ndiye aliyetoa jina kwa kesi hiyo. Oktoba 2000, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Zak Yacoob, Mahakama ilisema kwamba mpango wa nyumba wa serikali haukidhi Katiba kwa kuwa haukuwa na chochote kwa ajili ya watu wasio na paa kabisa. Miaka 2 baadaye Mahakama iliiamuru serikali iondoe vizuizi vilivyofanya dawa ya nevirapine, inayopunguza hatari ya mama kumwambukiza mtoto virusi vya UKIMWI wakati wa kujifungua, ipatikane katika hospitali chache tu za majaribio. Kenya ilipoandika haki za namna hiyo katika Ibara ya 43 ya Katiba yake ya 2010, majaji wake waliisoma sana hukumu ya Grootboom. Hata hivyo Irene Grootboom alifariki mwaka 2008 akiwa bado anaishi katika kibanda, na jambo hilo linapaswa kusemwa kila hukumu hiyo inaposifiwa. Mahakama ilitamka wajibu, lakini haikubaki kusimamia utekelezaji, na serikali haikuharakisha.

Mahali ninapokubaliana na mwanafunzi wako kikamilifu ni kwenye msamaha. Tume ya Ukweli na Maridhiano, chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu, ilipewa uwezo wa kumsamehe mtu aliyetenda uhalifu kwa sababu za kisiasa endapo angesema ukweli wote, na aliyesamehewa hakuweza kushitakiwa wala kudaiwa fidia mahakamani. Familia za waliouawa, ikiwamo ya Steve Biko, mwanaharakati Mweusi aliyefia mikononi mwa polisi, zilikwenda Mahakama ya Katiba mwaka 1996 kuupinga utaratibu huo zikashindwa, kwa hoja kwamba bila msamaha kusingekuwa na mpito. Mimi naikubali hoja hiyo, lakini ilikuwa na upande wa pili: waathirika walipwe, na wasiosamehewa washitakiwe. Tume ilipendekeza malipo ya kila mwaka kwa miaka 6. Mwaka 2003 serikali ikaamua kulipa randi 30,000 mara moja basi. Polisi waliohusika na kifo cha Biko walinyimwa msamaha mwaka 1999, na hakuna hata mmoja aliyeshitakiwa kwa kifo hicho baada ya hapo. Mamia ya majalada yalikabidhiwa kwa waendesha mashitaka yakalala, hadi mwaka 2025 Rais Ramaphosa alipounda tume ya kuchunguza kama yalizuiwa kwa shinikizo la kisiasa, wakati ambapo watuhumiwa na mashahidi wengi wameshakufa. Ahadi hiyo ilitolewa kwa watu Weusi, na waliopaswa kuitimiza ni viongozi waliowachagua wao wenyewe.

Kwa darasa lako, Mwalimu, ningependekeza mlinganisho mmoja ulio karibu na nyumbani. Mwaka 1994 Mahakama Kuu yetu, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, ilikubali kwamba raia ana haki ya kugombea bila kudhaminiwa na chama, na Bunge likabadili Katiba ili kulifunga jambo hilo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua mwaka 2013 kwamba katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Afrika Kusini nayo ilikuwa na sheria ya uchaguzi iliyotaka mgombea ubunge apitie chama. Juni 2020 Mahakama ya Katiba iliitamka kuwa kinyume cha Katiba na kulipa Bunge miezi 24 kuirekebisha. Bunge liliomba muda zaidi, likalalamika na kusuasua, lakini mwaka 2023 sheria mpya ikasainiwa, na katika uchaguzi wa tarehe 29 Mei 2024 wagombea binafsi walikuwamo kwenye karatasi za kura. Wape wanafunzi mifano hiyo miwili, kisha muwe na mdahalo juu ya swali la yule kijana.